Gari Ndogo ya Kubebea Oda: Chagua Ile Ambayo Haitakula Mtaji

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama una oda za kufunga zifunge kwanza, halafu rudi usome ukiwa umetulia.

Siku hizi swali ninaloulizwa sana inboksi siyo la bidhaa wala la bei za Kariakoo. Ni hili: "Kaka, nina milioni tisa, nichukue Vitz, IST au Passo?" Na mimi kabla sijasema lolote huwa nauliza: hiyo milioni tisa ni hela ya gari, au ndiyo hela yote uliyonayo pamoja na ya mzigo? Wengi hapo wanakaa kimya. Jamani, mwenye duka dogo akinunua gari inabidi abaki na duka. Gari ikifika nyumbani halafu shelfu zikawa tupu, umepata usafiri wa kupeleka nini?

Mimi nina duka la vyombo Mbagala Rangi Tatu. Nauza chupa za chai, masufuria, ndoo na vitu vya jikoni, na zaidi ya nusu ya mauzo yangu yanatoka statasi ya WhatsApp na Instagram. Kwa sasa naendesha Passo. Mimi siyo fundi, shule niliishia kidato cha nne, haya nimeyajua kwa kukaa gereji na kuuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Kabla ya kununua nilikagua magari kumi na moja, Temeke mpaka Kinondoni. Nitakwambia niliyoyaona.

Tuanze na daftari, siyo na gari. Chukua miezi mitatu iliyopita uandike hela yote ya usafiri iliyotoka MFUKONI MWAKO. Nasisitiza mfukoni mwako, kwa sababu Dar karibu sote tunauza kwa "usafiri juu ya mteja". Ile hela ya bodaboda kutoka Mbagala kwenda Sinza anailipa mteja. Gari haiwezi kukuokolea hela ambayo hukuwa unaitoa. Watu wengi hapa ndipo hesabu yao inapopotea, wanajumlisha nauli zote za bodaboda za mwezi, wanaona laki tano, wanasema "gari italipa".

Kitu ambacho gari inaokoa kweli ni hela ya kuleta mzigo kutoka Kariakoo, yaani bajaji, guta au kirikuu ya kukodi. Inaokoa vinavyovunjika njiani pia. Wanaouza chupa za chai mnanielewa, kile kioo cha ndani kinavunjika na chupa kwa nje iko safi kabisa, unajua tu pale mteja anapopiga simu. Na inaokoa muda, kama una mtu wa kubaki dukani. Kama huna, ukiwa barabarani duka limefungwa, hilo nalo liandike.

Halafu piga hesabu ya safari moja. Kutoka kwangu Mbagala mpaka Tegeta kwenda na kurudi ni kama kilomita 70. Passo yangu kwenye foleni za Dar inakwenda kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Kwa hiyo natumia kama lita 5 na nusu. Tuseme lita ni 3,000 (bei kikomo zinatangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zifuatilie), hapo ni 16,500. Ukienda na oda moja umempa mteja lifti ya bure. Ukienda na oda sita za njia moja, Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach mpaka Tegeta, na kila mmoja akakulipa 5,000, umeingiza 30,000, unabaki na 13,500. Usiile yote. Mimi kila kilomita moja naweka pembeni shilingi 100 ya tairi, oili na matengenezo, kwa safari hiyo ni 7,000. Kilichobaki ni 6,500. Ndogo, ndiyo, lakini ni ya kweli, na wateja wamepata mzigo wao mzima siku niliyowaahidi.

Kwa hiyo gari inakutaka uwe na siku za njia. Jumanne Tegeta, Alhamisi Kigamboni (kule daraja lina tozo, iweke kwenye bei), Jumamosi Kimara na Mbezi. Kama oda zako ni mbili au tatu kwa siku na kila moja iko upande wake wa jiji, baki na bodaboda wako unayemwamini. Siyo aibu. Na kama unauza vitu vikubwa, magodoro au makabati, hizi gari ndogo siyo zako, tafuta kirikuu.

Sasa umeona inalipa. Una milioni tisa ya gari peke yake, mzigo haujaguswa. Tafuta gari ya milioni SABA. Nikisema hivi watu wanakasirika, wanaona nawarudisha nyuma. Lakini gari ya mkononi ukiitoa kwa mwenyewe leo, ndani ya mwezi itakudai tu. Itataka tairi, betri, shokapu, bushi, oili ya injini na ya gia. Kuna ada za TRA za kubadilisha umiliki, na bima. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka, yaani laki moja na VAT juu yake. Mwambie mtu wa bima ukweli kwamba unabebea oda za biashara, ili siku ya tatizo usije ukaambiwa matumizi hayakuwa hayo. Hela iliyobaki baada ya hapo ikae, iitwe hela ya gari, isiitwe faida.

Na kukopa? Kama ni mkopo wa benki au SACCOS wenye riba inayoeleweka na unaulipa kwa mauzo ya kawaida, hiyo ni hesabu yako. Ila kausha damu kwa ajili ya gari, hapana kabisa. Gari inaweza kulala gereji siku tano ikisubiri kipuri, na mkusanyaji wa marejesho hatasubiri hata siku moja.

Haya, magari yenyewe. Ninachoangalia kwanza ni kipuri, sura baadaye. Gari yoyote ya umri huu itaharibika, swali ni itakaa gereji masaa mangapi. Kwa Toyota ndogo kipuri kipo Kariakoo, kipo Ilala, na vitu vidogo vidogo hata kwenye maduka ya mtaani kwetu vipo. Fundi wa chini ya mwembe anaifahamu. Ndiyo maana Vitz, IST na Passo hazishuki bei kirahisi, na ndiyo maana siku ukitaka kuuza unauza.

Passo imetengenezwa na Daihatsu, huko kwao kuna pacha wake anaitwa Boon. Ile ya injini ndogo ni cc 996, silinda tatu. Ukiiwasha inatetemeka kidogo ikiwa imesimama, usishtuke, silinda tatu ndivyo zilivyo. Ikitetemeka mpaka dashibodi inalia, hapo raba za kushikilia injini zimechoka, mafundi wanaziita maunti. Injini hiyo hiyo iko kwenye Vitz ya toleo la pili, iliyoanza 2005, ile ya lita moja, kwa hiyo vipuri vya injini vinapatikana kwa upana huo. Ubaya wake ni buti. Ni dogo, bila kulaza siti za nyuma hubebi kitu cha maana.

Vitz ya kwanza, ya 1999 mpaka 2005, ndiyo ya bei ya chini kabisa mjini. Ya lita moja ina silinda nne, cc 997. Ni ngumu, lakini sasa ni za zamani, nyingi zimepita mikono mitatu au minne, unanunua historia ya watu. Vitz ya pili ya cc 1,300 ni nzuri barabarani, ila nyingi zina gia za CVT. Siyo ugonjwa, lakini oili yake ni ya kwake. Aliyekutangulia akimimina oili ya gia ya kawaida ili kuokoa hela, wewe ndiye utakayelipa.

IST ya kwanza, 2002 mpaka 2007, ina injini mbili, cc 1,298 na cc 1,496. Imeinuka kidogo kuliko Vitz na Passo, na kwa barabara zetu za ndani, Chanika, Kivule, Goba, Mbagala ya ndani huku, hizo sentimita chache utazishukuru wakati wa masika. Nimeona kwa macho yangu belo la mitumba la kilo 45 likiingia IST siti za nyuma zikiwa zimelazwa, na nafasi ikabaki. Tatizo ni kwamba IST nyingi za Dar zimefanya kazi ya taksi za mtandao. Siyo dhambi, ila gari iliyozunguka jiji asubuhi mpaka usiku kwa miaka mitatu haiwezi kuwa sawa na ya mwalimu aliyekuwa anakwenda nayo shule na kanisani.

Funcargo watu wanaicheka sura. Mwache acheke. Paa lake liko juu, na siti za nyuma zinakunjwa zinaingia chini ya siti za mbele, sakafu inakuwa tambarare kama chumba. Kwa muuza maboksi, kwa hela ndogo, sioni inayoishinda kwa nafasi. Zimeacha kutengenezwa 2005, kwa hiyo ukipata nzuri kagua bodi vizuri.

Honda Fit ya kwanza nayo ina ujanja wake, tangi la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo nyuma siti zinalala chini kabisa au zinasimama juu ubebe kitu kirefu kwenda juu, kama feni au mti wa kwenye ndoo. Lakini injini yake ya cc 1,300 ina plagi nane, mbili kila silinda, na gia ni CVT. Siku ya kubadilisha plagi utanikumbuka. Mazda Demio na Nissan March zinauzwa rahisi kuliko Toyota ya umri ule ule, na urahisi huo una sababu, siku unatafuta kipuri utazunguka. Kama fundi wako anazijua na ana mahali pa kupata vipuri, chukua. Kama huna fundi wa hivyo, achana nazo.

Kitu kimoja nilichofanya watu wakanishangaa: nilikuwa natembea na boksi tupu. Lile boksi la chupa za chai, katoni nzima, ndilo ninalobeba kila wiki. Kila gari niliyokwenda kuona nililiingiza nyuma. Gari mbili nzuri kabisa nilizikataa kwa sababu mlango wa nyuma haukufunga. Dalali mmoja aliniuliza kama nanunua gari au nahama nyumba. Bebeni maboksi yenu, jamani.

Kuagiza Japani au kununua mkononi? Hapa nitaweka hesabu ili usije ukaona bei ya mtandaoni ukafikiri ndiyo bei. Gari iliyotumika inalipa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ushuru wa uchakavu, halafu VAT 18% juu ya vyote hivyo. Injini isiyozidi cc 1,000 ushuru wa bidhaa ni 0%, kuanzia hapo mpaka cc 2,000 ni 5%. Uchakavu ni 15% kwa gari ya miaka 8 hadi 10, na 30% kwa iliyozidi miaka 10.

Tuseme TRA wameithamini gari pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini kuwa milioni 5, na ina zaidi ya miaka 10. Forodha ni 1,250,000, inakuwa 6,250,000. Uchakavu 30% ya hapo ni 1,875,000. Ikiwa ni Passo ya cc 996 hakuna ushuru wa injini, unafika 8,125,000, VAT yake 1,462,500. Kodi yote 4,587,500. Gari ya thamani hiyo hiyo lakini ya cc 1,300 inaongeza 312,500 ya ushuru wa injini, na VAT inapanda, jumla kodi inakuwa 4,956,250. Tofauti ni 368,750 kwa sababu ya cc tu. Na bado hujaweka tozo ya reli, ada za forodha na bandari, usajili na hela ya wakala. TRA wanatumia thamani ya kwao, siyo risiti yako, na viwango vinaweza kubadilika kila bajeti mpya ikianza Julai, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha magari kwenye tovuti yao kabla ya kutuma hata dola moja. Ukiagiza, omba karatasi ya mnada wa Japani. Pale kuna daraja la gari, namba 4 au 3.5 ni nzuri ya kawaida, ukiona R au RA ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa.

Kwa bajeti ya milioni saba mpaka tisa, wengi wetu tutaishia mkononi. Basi tukague.

Kwanza acha kununua herufi. Watu wanalipia namba E kana kwamba ni mwaka wa gari. Herufi ya namba inakuonyesha gari ilisajiliwa Tanzania lini tu. Unaweza kukuta namba E ya mwaka 2004 na namba D ya mwaka 2008, na namba D ikawa na bei ndogo. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, soma kadi.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka kisionekane wakati injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, gasketi hiyo, ondoka. Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji yawe ya rangi ya kulanti, siyo ya kutu. Hapa kwetu gari ikichemsha, mafundi wengi wanaing'oa thamostati na kuunganisha feni moja kwa moja izunguke muda wote, gari inauzwa hivyo hivyo. Ukiwasha injini ya baridi na feni ikaanza kuzunguka papo hapo wakati AC imezimwa, uliza kwa nini. Gari hiyo ina historia ya kuchemsha.

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zote lazima ziwake, ikiwemo ile ya injini, halafu zizime ukishawasha. Taa ya injini isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima makusudi. Ndio maana namlipa fundi wa umeme aje na mashine yake apime, hata gari ikionekana haina tatizo.

Angalia moshi. Wa bluu inakula oili, mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni maji. Toa gia P kwenda R, halafu D, usikie inachelewa au inagonga. Iendeshe mwenyewe, na ipandishe mlima, Goba na Makongo ipo ya kutosha. Gari ikikataliwa kupanda mlima na mwenye nayo, umeshapata jibu.

Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa, usizibishie, zipuuze. Angalia raba ya pedali ya breki, usukani na siti ya dereva. Kilomita 60,000 na pedali imelika mpaka chuma, haiwezekani. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake. Ukikuta alama ya matope, hiyo ilizama kwenye mafuriko. Nusa zulia. Inama uone chini, chumvi ya bahari inakula bodi, hasa za walioishi karibu na pwani.

Karatasi ni fupi lakini ndipo watu wanapolia. Jina kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako, na kitambulisho chake ukione. Akisema "kadi iko kwa rafiki yangu", mara nyingi iko kwa mkopeshaji. Angalia kama gari ina deni la faini kwenye mfumo wa polisi mtandaoni, unaingiza namba ya gari tu, kila kosa ni 30,000 na zinajaa. Cheki na TARURA deni la maegesho. Dalali akikwambia "leseni ya barabara imelipwa" kama vile amekufanyia hisani, ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela ipite benki kwenda kwa mwenye kadi siyo kwa dalali, na umiliki ubadilishwe TRA wote wawili mkiwa na TIN. Usikubali "tutabadilisha wiki ijayo".

Ukishaipata, kabla ya kubeba oda hata moja, ipeleke gereji: oili, filta, plagi, maji ya breki, breki zenyewe. Andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari jipya na tarehe. Mimi langu nimelifunga kamba pamoja na la madeni ya wateja, kila nikilifungua moja naliona na lingine.